Kutoka Chepilat hadi Kericho kwa Albamu Moja

Albamu, kwa maana ya nyimbo alizozipanga mtu mwenye nia kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, imebaki na msikilizaji mmoja wa kutegemewa, naye ni dereva. Sebuleni kuna televisheni, watoto na mgeni anayepiga hodi. Jikoni sufuria inafoka. Popote palipo na simu mkononi, wimbo hukatizwa kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa pili. Kwenye usukani mambo ni mengine: mikono ina kazi, macho yana kazi, masikio ndiyo yamekaa bure, na safari ina urefu wake usiofupishwa kwa kubonyeza kitufe. Chukua barabara inayotoka Chepilat, soko lililo mpakani mwa Kaunti za Bomet na Nyamira, ikapita Sotik, Kaplong, Kapkatet na Litein mpaka Kericho. Si barabara ya mbio. Kila soko lina matuta yake, lori za majani chai mabichi hupanda vilima polepole kuelekea kiwandani, boda boda hujitokeza kutoka vichochoro vya mashambani, na alasiri mvua hunyesha kama iliyoandikiana mkataba na majani chai. Ni mwendo wa saa moja na ushei. Albamu ya dakika 40 ikianzishwa Chepilat, barabara ikiwa shwari, huelekea ukingoni gari linapokaribia Litein, na dereva bado ana nafasi ya kuanza nyingine. Nasema kwamba urefu huo, pamoja na mikono kufungika, ndivyo vinavyoipa albamu uhai ambao nyumbani imeshaukosa, na kwamba mwenye kupenda muziki wa eneo hili ana sababu ya kuupigania.

Historia ya muziki ndani ya magari inaunga mkono dai hili zaidi ya inavyodhaniwa, kwa kuwa kwa miongo mingi wahandisi walihangaika na jambo lile lile: vipi dereva asikilize kwa muda mrefu bila kugusa kitu. Redio ya Motorola ya 1930 ilileta sauti garini, lakini mpangaji alikuwa mtangazaji, si msikilizaji. Magari ya Chrysler ya toleo la 1956 yalianza kuuzwa na kinanda cha santuri kilichofungwa chini ya dashibodi. Kilibuniwa na Peter Goldmark, yule yule aliyeongoza kazi ya kuunda santuri ndefu ya LP iliyotoka 1948. Santuri zake zilizunguka polepole mno, mara 16 na theluthi mbili kwa dakika, ili upande mmoja utoshe safari. Mashimo ya barabarani na uhaba wa santuri za aina hiyo vilikiua kifaa hicho ndani ya miaka michache. Kisha Bill Lear akaleta mkanda wa njia nane, ambao Ford iliuweka kwenye magari yake ya 1966. Huo ulicheza bila kugeuzwa, ila uliidhulumu albamu: kwa kuwa mkanda uligawanywa sehemu nne zenye urefu sawa, nyimbo zilihamishwa kutoka mahali pake, na nyingine zilikatwa katikati, mlio wa mashine ukasikika, kisha mwimbaji akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kaseti ndogo, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, ndiyo iliyotuliza ugomvi. Mkanda wa C-60 ulikuwa na nusu saa kila upande, wa C-90 ukawa na dakika 45, na mpangilio wa nyimbo ulibaki ule aliouweka mwanamuziki.

Jambo la maana katika kaseti ni kwamba kuuruka wimbo kulikuwa usumbufu. Ilibidi kuubonyeza mkanda uende mbele, kukisia, kusimamisha, kurudi nyuma, na wakati huo lori la chai limeshafunga breki mbele yako. Madereva wengi waliamua kuuvumilia wimbo wasioupenda, na baada ya kuuvumilia mara kadhaa wakaanza kuupenda, au angalau wakaelewa uliwekwa pale kwa sababu gani. Hivyo ndivyo albamu inavyofundisha: wimbo wa nne ni mzito ili wa tano upate kupumua. Si ajabu basi kwamba kaseti ilidumu garini kuliko mahali pengine popote. Gari jipya la mwisho kuuzwa Marekani likiwa na kinanda cha kaseti kama kifaa chake cha kawaida lilikuwa Lexus SC 430 la mwaka 2010, wakati ambapo madukani kaseti ilikuwa imekwisha kuzikwa zamani.

Hapa mpinzani wa kwanza ananyanyua mkono. Atasema albamu ni desturi ya Ulaya na Marekani, na kwamba Kericho haikukua kwa albamu. Ana hoja. Muziki wa eneo hili ulienea kwa santuri ndogo za mizunguko 45, na biashara hiyo ilikuwa na makao yake papo hapo mjini Kericho. A. P. Chandarana alikuwa na duka, studio na nembo za santuri zilizowarekodi wanamuziki Wakalenjin, Waluo, Waluhya na Wakisii. Mwanamuziki wa benga hakuwaza nyimbo kumi. Aliwaza wimbo mmoja, upande wa kwanza na upande wa pili, kisha akarudi nyumbani kusubiri uuzwe ili atoe mwingine. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walifahamika kwa Wakalenjin wimbo baada ya wimbo, na hata sifa za Daniel Owino Misiani na Shirati zilikuwa zimeshaenea Kenya na Tanzania muda mrefu kabla ya kampuni ya London kukusanya nyimbo zake na kuziita Benga Blast! mwaka 1989.

Lakini hebu tuutazame wimbo huo wenye pande mbili. Upande wa kwanza mwimbaji anaeleza habari yake. Upande wa pili maneno yanapungua, gitaa la solo linachukua usukani na besi inakimbia. Wimbo ulikatwa mara mbili kwa sababu santuri ilikuwa fupi, si kwa sababu muziki ulikuwa mfupi. Kwenye dansi uliendelea mpaka watu wachoke. Santuri kubwa ilipopatikana, wanamuziki hawakuijaza vijiwimbo kumi na viwili. Samba Mapangala na Orchestra Virunga, wakiwa Nairobi, walitoa Malako mwaka 1984 ikiwa na nyimbo chache ndefu, kila moja ikianza kwa upole, sauti zikipishana, saksafoni ikaitikia, kisha sebene, ile sehemu ya kasi inayoongozwa na gitaa, ikafunguka. Mwaka uliofuata Franco, gwiji wa rumba ya Kongo, alitoa Mario, wimbo unaopita dakika 10 bila haraka ya kumaliza ugomvi wake. Mpinzani anaposema hatukuwa na albamu, nadhani anaitafuta ya aina ya Ulaya, yenye nyimbo nyingi fupi na hadithi inayoziunganisha. Yetu ilikuwa na nyimbo chache, na safari ilikuwa ndani ya wimbo wenyewe. Ikitokea mtu akapanda kilima cha kutoka Sotik kwa Virunga, asiyejua lolote kuhusu historia hii ataielewa kwa mwili: sehemu ya taratibu inakwenda sambamba na lori lililo mbele, na sebene inafika barabara inaponyooka. Haitatokea kila mara, bila shaka. Inatosha itokee mara moja kwa safari.

Kuna albamu nyingine ambayo wahakiki wa muziki huipita bila kuiamkia, nayo ni ya kwaya. Katika nchi ya chai, kwenye makanisa ya African Gospel upande wa Kipsigis na ya Waadventista upande wa Gusii, kwaya imezoea kutoa nyimbo zake kwa toleo: Volume 1, Volume 2, na kuendelea. Kwanza zilikuwa kaseti, baadaye diski za video, sasa faili. Toleo la kwaya limepangwa kama ibada ilivyopangwa. Lina wito, lina toba, lina wimbo wa safari ya mbinguni, na mara nyingi la mwisho ni la kuagana. Anayecheza wimbo mmoja tu wa Ambassadors of Christ wa Kigali, tuseme Kwetu Pazuri, amepata wimbo mzuri. Anayeacha mkusanyiko wote uende hupata kitu tofauti, yaani hoja inayojengwa. Kwa idadi ya watu wanaosikiliza kitu kizima mpaka mwisho, nadhani magari yanayorudi kutoka kanisani kuelekea Keroka au Kapkatet yanawashinda wapenzi wa roki wenye santuri za bei ghali.

Hoja ngumu zaidi ni kwamba gari ni ukumbi mbaya. Injini inanguruma, matairi yanalia, na mvua ya Kericho ikigonga bati la gari aina ya Probox, sauti za chini za wimbo zinamezwa zote. Hapa sina budi kukubali sehemu kubwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na gari la kurekodia, alisimama Kapkatet, kwenye barabara hii hii, akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Mojawapo, Chemirocha, iliimbwa na wasichana kwa kufuata zeze, wakimtaja Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini humo. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na katika muongo uliopita nakala zilirudishwa Kapkatet kwa wenyewe. Ni muziki laini na wa karibu. Ukiucheza ndani ya gari linalopita mahali ulipozaliwa, hutasikia zaidi ya nusu yake, na ukiongeza sauti utaongeza na mikwaruzo. Kwa hiyo dai langu lina mpaka: barabara haifai kila albamu. Inaufaa muziki ambao kiwango chake cha sauti hakipandi na kushuka sana, na kwa bahati njema benga, rumba na kwaya ni muziki wa aina hiyo, kwa kuwa ulizoea kushindana na kelele za baa, za soko na za redio ndogo ya betri. Muziki wa zeze usubiri nyumba tulivu.

Pengine mtu atauliza kwa nini dereva asifungue redio tu. Jibu moja limeletwa na meli. Magari mengi ya eneo hili hutoka Japani yakiwa yametumika, kwani Kenya huruhusu yenye umri usiozidi miaka 8. Kwa muda mrefu redio ya Japani ilitengenezewa masafa ya FM ya kati ya megahezi 76 na 90, ilhali stesheni za Kenya ziko kati ya 87.5 na 108. Probox mpya kwa mwenyewe huingia Kenya ikiwa karibu kiziwi. Fundi anaweza kufunga kifaa kidogo kwenye waya wa eriali kinachoshusha masafa, na wengi hufanya hivyo, ingawa stesheni hubanana na nyingine hupotea. Wengine hawajisumbui. Wanachomeka flashi, na kuanzia hapo dereva, apende asipende, amekuwa mpangaji wa muziki. Gari hili limewarudishia watu wa Sotik, na wa Borabu upande wa Nyamira, mamlaka ambayo redio iliyachukua, kwa kasoro tu ya kiwandani.

Ajabu ni kwamba flashi, iliyopaswa kuwa rafiki wa albamu, huiharibu kimya kimya. Redio nyingi za gari husoma faili kwa utaratibu zilivyonakiliwa, si kwa majina yake. Nyingine hufuata alfabeti, na hapo wimbo wa 10 huja mara tu baada ya wa 1, na wa 2 husukumwa nyuma. Kijana wa duka la muvi anapokujazia flashi anachagua mafungu, anayabandika kwa mkupuo, na toleo la kwaya lililopangwa kwa maombi linatoka limevurugika, kwaheri ikatangulia karibu. Dawa yake ni ya dakika chache: kila albamu iwe na folda yake, nyimbo zipewe nambari 01, 02, 03, na zinakiliwe kwa mfuatano huo. Naitaja kwa kuwa wapo wanaoamini hawapendi albamu fulani, kumbe hawajawahi kuisikia ilivyopangwa. Wanaosikiliza kwa mtandao nao wana tatizo la namna hiyo. Hata Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, ilibadili kitufe cha albamu kisichanganye nyimbo baada ya mwimbaji Adele kuliomba hilo Novemba mwaka huo huo. Ikiwa msanii mkubwa wa London alilazimika kuomba wimbo wa pili ufuate wa kwanza, tusishangae ya flashi.

Mtetezi wa mix za madijei hataridhika. Kwake, muziki halisi wa barabara za Kenya ni mix ya matatu: saa nzima bila mwanya, wimbo mmoja ukizaliwa ndani ya mwingine. Nayo ina mpangaji na ina mpangilio, kwa nini isiitwe albamu? Naweza kukubali nusu. Dijei mzuri hufikiri kama mwandishi wa sura, anajua apandishe wapi na ashushe wapi. Ila ustadi wake uko katika kukata. Wimbo wa benga huonjwa kwa dakika moja na nusu kisha huondolewa, na kwa kuwa gitaa la benga hufika kileleni mwishoni, mix hula kiamsha kinywa na kuondoka kabla ya chakula kuja. Tena mix haina kituo. Katika albamu, zile sekunde chache za ukimya kati ya nyimbo zina manufaa kwa dereva: anaisikia injini, anasikia honi iliyo nyuma, anarudi garini. Anayeendesha saa nzima ndani ya mix hana mahali pa kurudi.

Hilo linanifikisha kwenye pingamizi ambalo lingeweza kuivunja hoja nzima, la usalama. Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, aliwaweka madereva kwenye kifaa cha kuiga uendeshaji na kuonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba muziki wa mapigo ya kasi uliwaongezea mwendo na makosa, kama kupita taa nyekundu. Mwaka 2013, yeye na Zack Slor walichapisha utafiti wa vijana 85 wanaoanza kuendesha: walipocheza muziki wao wanaoupenda walikosea zaidi kuliko walipochezewa muziki uliotungwa makusudi usiwavute. Sentensi hiyo ya mwisho inaniuma, kwa kuwa sura hii inahusu muziki unaopendwa. Upande wa pili, Ayça Berfu Ünal na wenzake wa Groningen, Uholanzi, waliona kwamba muziki humwongezea dereva juhudi ya akili bila kumharibia uendeshaji, na kwamba katika safari ya kuchosha humweka macho. Ukiziweka pamoja, tafiti hizi hazisemi muziki ufungwe. Zinasema mapigo yana uzito, na kwamba dereva mchanga asijidanganye. Kijana aliyepata leseni mwezi uliopita na azime flashi mpaka mikono yake iizoee barabara. Mzoefu naye achague kwa mujibu wa njia: kona za ukungu na lami iliyolowa si mahali pa sebene.

Pia tutenganishe kusikiliza na kutafuta. Jicho linaloshuka kwenye simu kusaka wimbo limeiacha barabara, na hakuna utafiti unaohitajika kumweleza hilo mtu aliyewahi kukuta ng'ombe nyuma ya kona. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likitembea. Kwa kipimo hiki, albamu ni salama kuliko kuchagua wimbo mmoja mmoja: uamuzi unafanywa mara moja, gari likiwa limesimama sokoni Chepilat, na hautakiwi tena mpaka Litein.

Limebaki swali la nani anachagua, na Chepilat ndipo mahali pa kuliuliza. Probox ya abiria haina msikilizaji mmoja. Waliobanana nyuma wanaweza kuwa Mkipsigis anayekwenda Kapkatet hospitalini na Mkisii anayepeleka ndizi Kericho, na stesheni yoyote inayofunguliwa, Kass au Chamgei kwa mmoja, Egesa kwa mwingine, huwa imemchagua mmoja wao. Hili si dogo mpakani hapa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ukanda wa Sotik na Borabu ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoshuhudia machafuko, na ripoti ya 2008 ya Tume ya Waki, iliyoyachunguza, ilizitaja redio za lugha za asili kati ya vilivyoeneza chuki nchini. Mtu anaweza kusema kwamba albamu ya Kikalenjin au ya Kikisii italeta ubaguzi ule ule. Sivyo hasa. Wimbo wa Kipchamba ulirekodiwa kwa soko lile lile la Kericho lililowarekodi Wakisii, gitaa lake linafuata benga iliyotoka kwa Waluo, na asiyejua lugha bado ana besi ya kufuata. Mtangazaji akizungumza, asiyejua lugha hana lolote isipokuwa kukisia anasemwa nini. Hata hivyo dereva mwenye busara huwa ameshatambua kwamba kuna muziki ambao hakuna upande wa mpaka unaoweza kudai kuwa wake: rumba ya Wakongo waliohamia Nairobi, ikiimbwa kwa Kilingala na Kiswahili. Akiweka Virunga, malalamiko pekee yatakayotoka viti vya nyuma ni kwamba spika ya kushoto inakwaruza.